Birika la Simenti la Kiriri

Mjukuu wangu wa kwanza amejenga nyumba. Vyumba vinne, choo ndani, na mbele kiwanja cha majani ambacho hakilimwi hata mchicha, eti ni bustani. Ana diploma mbili huyo, na zote mbili zimetundikwa ukutani kwangu, si kwake, kwa sababu mi ndiye niliyemuogesha. Juzi alikuja akakaa karibu yangu na simu yake, akanionyesha picha moja baada ya nyingine: maji yanaruka juu, yanaanguka, yanaruka tena, hayana kazi nyingine duniani.

"Bibi," akasema, "nataka kuweka fonteni pale mbele. Sema, gani ni nzuri?"

Nikamwambia amefika kwa mwenyewe. Shuleni nilikaa miaka mitatu, nikatoka najua kuandika jina langu na kuhesabu mpaka pale hesabu inapoanza kuwa na koma. Lakini kwa mambo ya fonteni za bustani, mnisamehe, mi ni profeseri. Nilizisomea Kiriri, mtaa wa wakubwa kule mlimani, wakati wa vita, nimesimama jikoni kwa watu na kitunguu mkononi, Madamu, mke wa bosi wangu, ananisomea gazeti la Kifaransa. Najua aina zake. Najua faida zake, zile zilizoandikwa na ile moja ambayo haikuandikwa. Na mjukuu wangu, asichojua yeye na diploma zake, ni kwamba fonteni ya kwanza maishani mwake ilikaribia kumnyima maji ya kuogea.

Ilikuwa miaka ile ya ambargo, nchi za jirani zimetufungia mipaka, petroli inauzwa kwenye chupa kama asali. Mi nilikuwa mpishi kwa bosi mmoja mkubwa wa serikali. Wapishi wa Kiriri walikuwa wanaume, wenye makoti meupe na hasira. Mimi nilichukuliwa kwa sababu ya pilau yangu, kwa sababu Madamu aliila arusini Buyenzi mara moja tu akakosa usingizi. Kila asubuhi nilitoka kwetu Buyenzi kwa miguu, nikavuka mji, nikapanda. Kule juu hakuna mtu anayetembea kwa miguu, isipokuwa sisi tunaokwenda kuwapikia wenye magari.

Mwaka huo binti yangu akazaa mtoto wake wa kwanza, ndiye huyu wa fonteni. Kwetu Buyenzi mzazi ana arobaini yake. Siku arobaini hatoki nje, na siku zote hizo asubuhi na jioni anakandwa kwa maji ya moto, mgongo, tumbo, kiuno, mpaka mwili urudi mahali pake. Mtoto naye anaogeshwa, nepi zinafuliwa. Bila maji hakuna arobaini, kuna mwanamke amelala tu na mtoto analia.

Na maji yalikuwa wapi? Robine, bomba la mtaani, ilitoa maji alfajiri kwa saa mbili, ikidondosha kama mtu mwenye mafua. Mtaa ulikuwa umejaa, maana watu wa mitaa iliyochomwa walikuja kwetu, kila nyumba ina watu wa nyumba tatu. Foleni ya bidoni, yale madumu ya maji, ilianza kwenye robine ikaishia msikitini. Basi nilimwomba Madamu, na nampa haki yake, alikubali siku ile ile. Bidoni mbili za maji kila jioni kutoka robine ya uani kwake. Dereva, akishuka mjini kumfuata bosi ofisini, ananishusha mimi na bidoni zangu pembeni ya soko la Buyenzi kabla ya kuvrefe, saa ile kila mtu lazima awe ndani. Bidoni moja ya mama, bidoni moja ya mtoto. Siku sita tuliishi kama masultani.

Siku ya saba Madamu akaingia jikoni na lile gazeti.

Lazima niseme kuhusu simba. Ng'ambo ya barabara alikaa mzungu mmoja, mke wa mtu wa ubalozi, na kwenye ukuta wa bustani yake alikuwa na kichwa cha simba wa jiwe anayetema maji kwenye beseni. Madamu alimwona kila siku kutoka dirisha la chumba chake. Nadhani alikuwa anamwota. Na sasa bosi alikuwa anaandaa karamu kubwa nyumbani, mabosi wenzake na watu wa balozi, huyo wa simba akiwemo, na Madamu alikuwa ameapa hatawapokea kwenye majani makavu.

"Mama, angalia," akasema, akalaza gazeti juu ya mchele wangu.

Nikaangalia. Kulikuwa na fonteni ya mabakuli matatu, dogo juu ya kubwa, maji yanashuka kutoka moja kwenda lingine kama watu wanaopeana habari mbaya. Kulikuwa na ya ukutani, ndiyo hiyo ya simba. Kulikuwa na jiwe kubwa limetobolewa katikati, maji yanachuruzika juu yake, basi. Ukiwa na jiwe na mvua unayo bure. Ya nne ilikuwa mwanzi unaojaa maji, unainama, unagonga, tok, unainuka tena. Na ya tano ilikuwa mtoto wa kiume wa jiwe, uchi, anakojoa. Nikauliza kama nimeona vizuri. Madamu akasema nimeona vizuri, huko Ulaya watu wanatoka mbali kumtazama. Nikamwambia aje Buyenzi, ninao wanane wa hivyo, na wetu wanakimbia pia.

Hakucheka. Alikuwa anasoma faida. Maji yanayoruka yanatuliza moyo. Yanapooza hewa. Yanaleta ndege. Na, hapa akainua kidole, yanafunika kelele za nje, mwenye nyumba asikie utulivu tu.

Kelele za nje, wakati ule, zilikuwa zinatoka milimani juu yetu, na zilikuwa na risasi ndani. Nikaendelea kukata kitunguu.

"Mama, unajua fundi?" akauliza. "Mafundi wote wamekimbia."

Fundi nilikuwa naye. Nilikuwa naye kitandani kwangu miaka ishirini na minane. Mzee wangu alikuwa fundi wa mawe na simenti, na kazi yake ilikuwa moja: kujenga mahali pa kutawadhia misikitini. Matangi, robine, vigoda vya kukalia, mfereji wa miguu. Waislamu wa Buyenzi nusu wameosha nyuso zao kwa mkono wake. Lakini tangu vita hakuna aliyejenga kitu, alikuwa anakaa barazani kwa rafiki yake mwenye gereji, anashikia watu spana. Kwa hiyo nilijua fundi. Nilijua pia kuwa fonteni inakunywa maji, na kwamba nyumba ile haina maji ya kunywesha fonteni na binti yangu mzazi pamoja.

"Apana, Madamu," nikasema. "Simjui."

Dereva alikuwa amesimama mlangoni anakula mkate. Dereva yule, mtu wa Musaga, alikuwa na mdomo ambao hata ukijaa mkate haufungi.

"Mama, si mzee wako ni fundi?" akasema. "Ule wa robine za musikiti?"

Nilimtazama mpaka akaacha kutafuna. Lakini maneno yalikwisha kutoka.

Jioni ile Madamu akaniita tena, kwa sauti tamu. Mzee aje kesho. Na kwa kuwa kuna simenti ya kukoroga na tangi la kujaza, na maji ya Kiriri yenyewe siku hizi yanakuja kwa zamu, hakuna hata tone litakalotoka getini. "Kidogo tu, mama. Mpaka karamu ipite. Utanielewa."

Nilimwelewa. Nilihesabu njiani, bidoni tupu zikigongana nyuma ya kamyoneti, ile pikapu ya bosi. Siku saba zimepita. Zimebaki thelathini na tatu.

Nyumbani nikamwambia mzee yote, na kuhusu bidoni pia. Alikuwa anasafisha mwiko wake wa kazi. Ulikuwa na kutu, na alikuwa anausugua kwa mchanga taratibu kama anavyoogeshwa mtoto.

"Mama watoto," akasema, "nikimaliza ile kazi, huyu binti ataoga kama malkia."

"Kwa maji ya nani?"

"Ya Mungu," akasema, akaendelea kusugua. Sikuwa na moyo wa kumwambia usiende. Mwanamume aliyekaa miaka mitatu anashikia watu spana, ukimwondolea mwiko mkononi unamwondolea na mkono.

Basi akapanda Kiriri. Madamu akamwonyesha picha ya simba. Mzee akaitazama mara moja, akasema, "Nimeona," akarudisha gazeti. Nilikuwa dirishani. Nilijua ile "nimeona" yake. Ndiyo aliyomwambia mama yangu, mama alipomweleza mahari.

Alifunga shitingi ya plastiki, ile ya bluu wanayopewa wakimbizi, akazungushia kazi yake yote, maana hapendi kutazamwa. Siku kumi na sita alichimba, akapanga mawe, akapiga simenti. Madamu alikuwa anapita na wageni wake wa chai anawaambia nyuma ya ile plastiki kuna kitu cha Ulaya. Na mimi huku chini nilikuwa naamka saa tisa usiku kupanga bidoni kwenye foleni, na siku foleni iliponishinda niliteremka Ntahangwa, nikachota maji ya mto yenye rangi ya chai ya maziwa, nikayachuja kwa kanga, nikayachemsha, nikayachuja tena. Nusu ndoo kwa mama. Kibakuli kwa mtoto. Mgongo wa binti yangu ulikuwa unakandwa mara moja kwa siku badala ya mbili, na siku nyingine kwa kitambaa kilicholowa tu. Hakulalamika. Alisema, "Mama, tuache leo," na hilo ndilo lililoniuma.

Siku ya ishirini na tatu ya arobaini yetu, mzee akatangaza amemaliza na tangi limejaa. Madamu akatoka na viatu vya kisigino. Shitingi ikashuka.

Kulikuwa na ukuta mzito wa mawe, unamfika mtu kifuani, umenyooka kama dua. Chini yake, usawa wa goti, robine sita kwa mstari. Mbele ya kila robine kigoda cha simenti kilichosuguliwa mpaka kinang'aa. Chini ya vigoda, mfereji wa miguu. Pembeni misumari sita mikubwa ya kutundika kofia na makoti. Na juu ya ukuta, pale penye simba kwenye picha, palikuwa na birika. Birika la simenti, kubwa kama mbuzi, na mkono wake, na kifuniko chake, na mdomo mrefu unaotazama chini.

Madamu akatembea kutoka robine ya kwanza mpaka ya sita. Zamu, mlinzi wa getini, alijikohoza.

"Mzee," Madamu akasema, "hii ni nini?"

"Ni fonteni, Madamu."

"Simba iko wapi?"

"Simba iko na roho. Mi sitengenezi kitu ya roho, Madamu. Siku ya kiyama nitaambiwa nimupulizie uhai, na mi mwenyewe niko na pumu." Akapiga birika kofi la upole. "Hii haina roho. Na kumwaga maji ndiyo kazi yake. Simba, hata pori, nani alimuona anatema maji?"

"Na ivi viti? Mbona vinapa ziwa mugongo? Watu wanapanda huku kwa sababu ya ziwa."

"Kibla, Madamu," mzee akasema, kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

Madamu akatazama upande ambao viti vilitazama. Vilitazama mlima, na kabla ya mlima, banda la kuku la jirani.

"Na maji yakishashuka yanaenda wapi?"

"Kwa migomba."

"Gazeti inasema yanarudi juu. Yanazunguka. Hayapotei."

Hapo mzee wangu alishtuka kweli. "Yakishaosha muguu ya mutu? Yarudi tena kwa birika?" Akanitazama mimi, niliyekuwa mlangoni na sufuria, kama anaomba shahidi. "Madamu, nani anafanya vile?"

Sikuwahi kumpenda mume wangu kama siku ile, na sikuwahi kutamani kumpiga sufuria kama siku ile.

Madamu alimfukuza. Si kwa kelele, Madamu hakuwa mtu wa kelele. Alisema tu aondoke na asirudi, na kwamba kama simenti ingekuwa inapatikana mjini angeivunja kesho yake, ila haipatikani, kwa hiyo ataifunika kwa maua, na robine zisifunguliwe, maana kwa mwendo ule tangi lingekauka kwa chai moja. Nikauliza kuhusu bidoni zangu. Akasema, "Tutaona."

Mzee akakusanya vifaa vyake. Akachukua na ule ufunguo mrefu wa chuma, wa umbo la T, unaofungulia vali ya tangi. Hakuuiba, kwake ulikuwa sehemu ya vifaa, msikitini fundi ndiye anayefungua maji mara ya kwanza, na mara ya kwanza haikuwa imefika. Akauweka chini ya kitanda, akarudi gereji kushika spana. Hakusema neno siku tatu. Mi nilisema maneno ya watu wawili, yangu na yake.

Siku ya ishirini na sita maji yakakatika Kiriri yote. Walisema bomba kubwa limepigwa huko milimani, wengine wakasema ni umeme wa pampu. Watu wa Kiriri walikuwa hawajawahi kukosa maji siku nzima. Ilikuwa elimu kubwa kuwaona. Siku ya kwanza walipiga simu. Siku ya pili walipiga simu kwa watu wakubwa zaidi. Siku ya tatu nilikuta mke wa bosi wa nyumba ya juu anampigia boyi wake kelele kwa sababu amenawa mikono. Umeme nao ukaenda. Simba wa ng'ambo, ambaye maji yake yalikuwa yanazunguka kwa umeme, yale yale kila siku, alibaki ameachama mdomo juu ya beseni la kijani, na mbu wakahamia. Hewa ilipoa, siwezi kukataa.

Na siku ya ishirini na tisa ndiyo ilikuwa karamu. Karamu ya bosi haiahirishwi. Kuahirisha ni kukiri kitu.

Nilifika asubuhi nikamkuta Madamu jikoni kwangu, amevaa kanga juu ya gauni, nywele hazijakaa. Mchele kilo kumi umekaa kwenye beseni, mkavu. Kuku wamenyonyolewa, wana manyoya yaliyogandia. Sahani za jana ziko pale pale. Nje, zamu alikuwa amejaribu kufungua vali ya tangi la fonteni, maji pekee yaliyobaki, kwa koleo la gari, na sasa alikuwa na koleo lililopinda.

"Mama," Madamu akasema, "mzee wako yuko na ufunguo."

"Yuko nao."

"Dereva aende kumuchukua."

"Aende. Mzee ni mtu wa adabu, lakini ulimuambia asirudi, na yeye anasikia maneno." Nikafunga kitambaa changu kichwani, nikakaa kwenye kiti cha jikoni, jambo ambalo sikuwahi kulifanya mbele yake. "Huu mchele haujaoshwa, Madamu. Na mutoto wangu kule Buyenzi pia hajaoshwa."

Alinitazama. Nikamtazama.

"Ana siku ngapi?" akauliza.

"Ishirini na tisa. Zimebaki kumi na moja. Bidoni mbili kila jioni, ni kitu ulisemaga siku ya kwanza, mi siongezi."

Nilitegemea ataniambia mambo ya kazi, na milango, na wapishi wengine walioko. Nilikuwa nimejiandaa, nilikuwa na majibu tangu siku ya saba, mengine sikuyatumia mpaka leo. Lakini alikaa, naye, kwenye gunia la viazi, na gauni lake la karamu.

"Mi wa kwangu wa kwanza," akasema, "mama yangu aliniosha kwa majani ya mutemba. Sikuweza kusimama." Akasimama, akakung'uta gauni. Kisha akapaza sauti, "Dereva," na dereva alipotokea, na mkate, akamwambia: "Nenda kumuchukua mzee. Na kutoka leo, mama akishuka, anashuka na bidoni mbili zimejaa, mpaka arobaini iishe. Umesikia?"

"Nimesikia," dereva akasema. Na kwa mara ya kwanza nilifurahi kuwa yule mtu hawezi kunyamaza, maana mchana kutwa zamu, mtunza bustani na dereva wa jirani wote walijua.

Mzee alikuja amevaa kanzu ya Idd. Ufunguo alikuwa ameufunga kwenye kitambaa cheupe, ameukumbatia. Hakumtazama mtu. Akaondoa maua ya Madamu, akainama, akasema bismillahi, akazungusha.

Birika likakohoa. Likatema vumbi kidogo, halafu likamwaga. Maji masafi, baridi, ya tangi lililofunikwa, ambayo hayajazunguka popote. Boyi wa jikoni akakimbia na beseni la mchele.

"Ngoja," mzee akasema. "Ya kwanza ni ya muzazi."

Akajaza bidoni zangu mbili, moja kwa robine ya kwanza, moja kwa ya pili, akaziziba, akazisimamisha pembeni ya ukuta chini ya misumari ya kofia. Zikakaa pale mchana kutwa, mbili za njano, kama wageni waliowahi.

Saa kumi wageni wakaja. Siwezi kuwaambia mabosi wale walikuwa akina nani. Naweza kuwaambia walikuwa hawajanawa siku tatu. Walisimama na glasi zao, wanaongea Kifaransa cha wakubwa, macho yote kwenye birika. Aliyeanza ni yule mzungu wa simba. Aliuliza kitu, Madamu akajibu kitu, na mzungu akavua viatu, akatundika mkoba wake kwenye msumari, akakaa kwenye kigoda, akafungua robine, akaweka miguu kwenye mfereji, akafumba macho. Akatoa sauti ambayo mwanamke hatoi mbele za watu. Baada ya hapo ilikuwa foleni. Watu wa suti, sita sita, wameketi wametazama Maka, wananawa nyuso, masikio, mpaka viwiko. Mzee alisimama nyuma yao na mikono mgongoni. Mmoja akaosha mguu wa kushoto kwanza. Mzee akamgusa bega, akamwonyesha wa kulia. Yule bosi akabadilisha mguu.

"Ni wazo langu," nilimsikia Madamu anawaambia. "Kitu tofauti na simba."

Gazeti lilisema fonteni inatuliza moyo. Ilituliza. Lilisema italeta ndege; kunguru wawili walikuja kwa ajili ya kuku. Lilisema itafunika kelele. Saa kumi na moja hivi kelele zikaanza mlimani, karibu kuliko siku zote, na naweza kuwaambia mnaotaka kununua: haifuniki. Ta, ta, ta, ukasikia kila moja na birika likimwaga vile vile. Glasi zikaanguka. Waliokuwa wamesimama wakitazama ziwa hawakujua waende wapi. Waliokuwa kwenye vigoda waliinama tu. Vigoda vilikuwa vifupi, ukuta wa mzee ulikuwa mzito, na kwa kuwa alivielekeza Kibla, ukuta ulikuwa katikati yao na mlima. Wote wakakimbilia pale. Mabosi zaidi ya kumi, na wake zao, na mimi na mwiko wa pilau, tumebanana, miguu kwenye mfereji mmoja, maji yanapita kwenye viatu vya watu. Hiyo ndiyo faida ambayo gazeti halikuandika, na ndiyo ya pekee niliyoiona kwa macho yangu.

Risasi zilinyamaza baadaye, kama zilivyokuwa zinanyamaza, bila kuomba radhi. Watu wakasimama, wakajifuta, wakacheka kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Madamu alikuwa amekaa kwenye kigoda cha mwisho, visigino vimeloa. Alitazama bidoni zangu.

"Nenda sasa, mama, kabla ya kuvrefe," akasema. "Pilau nitapakua mwenyewe."

Dereva alitushusha mimi na mzee pembeni ya soko. Mzee akabeba moja, mi moja, kichwani, na ufunguo wake akauning'iniza begani. Njia nzima alitembea katikati ya barabara. Nyumbani nikawasha mkaa, nikachemsha, nikamkalisha binti yangu kwenye kigoda, mtoto nimempa babu yake amshike. Nikamwaga kikombe cha kwanza mgongoni, cha moto vile inavyotakiwa, na nikaona mabega yake yakishuka, polepole.

"Mama," akasema, "haya maji yananuka simenti."

Nikamwambia ageuke, nimkande na tumbo.